Choo cha Kwanza na Vipira vya Panya

Kwenye kadi ya kliniki ya mwanangu kuna neno moja limeandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa daktari: Ndiyo. Limepigwa mstari, na pembeni yake daktari mwingine ameandika kwa kalamu nyeusi kitu kirefu zaidi. Lile la bluu ni uongo, na uongo huo ni wangu. Nausema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kutafuta wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nilimtafuta wee, nikampata, na niliyempata hakuwa na kosa.

Alikuwa mdogo wangu. Kwetu tuko wasichana wawili tu, tumekulia kijiji cha ziwani, baba mvuvi, mama mkulima wa mihogo. Mimi niliishia kidato cha nne nikajifunza cherehani, na sasa nina kibanda Mwisenge, Musoma mjini, nashona sare za shule. Yeye alisoma, akasoma, mpaka barua zake za shule tukawa tunazisoma bila kuelewa. Mwisho wake akapata kazi Butiama, kwenye maabara ndogo ya utafiti. Siku alipokuja kutuambia, baba akamuuliza kazi yenyewe ni kufanya nini. Akasema, "Nafuga panya."

Baba aliweka wavu wake chini. Kisha akasema, "Si ungebaki tu hapa? Huku tunao."

Tulicheka siku ile. Mdogo wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini kusema kweli, mimi nilikuwa na wasiwasi tangu hapo. Mtu anasomeshwa miaka yote ile ili akafuge panya? Hapana, nilijiambia, kuna kitu hasemi.

Nilipokuwa na mimba ya miezi saba alinialika nikaone anapofanyia kazi. Alinivisha koti jeupe ambalo halikufunga tumboni, akanipeleka kwanza chumba cha panya. Walikuwa weupe, wasafi kunishinda, kila boksi na kadi yake imeandikwa tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia, "Hee! Hawa nao wanahudhuria kliniki." Tukaingia chumba cha pili, akanikalisha mbele ya hadubini. Pembeni kulikuwa na kisahani cha plastiki, na ndani yake, kwenye maji, utumbo wa kitoto cha panya wa siku chache. Mimi ni fundi, jicho langu linapima lenyewe. Ulikuwa mwembamba kama uzi, na urefu wake hautoshi hata kufungia vifungo viwili vya shati. 

Alinieleza, na nilielewa, maana mdogo wangu ana kipaji cha kufundisha. Ndani ya ukuta wa utumbo kuna neva. Hizo ndizo zinazouambia utumbo sukuma, pumzika, sukuma. Kuna watoto wanazaliwa neva hizo hazijafika mwisho wa utumbo, zimekomea njiani, basi chakula kinakwenda vizuri mpaka pale, kikifika pale hakuna wa kukisukuma. Sasa, kwenye utumbo wa panya mchanga bado kuna seli changa zinazoweza kugeuka kuwa neva. Wanazitoa, wanaziweka kwenye maji ya pinki, wanazifungia kwenye kabati lenye joto la mwili, na baada ya siku kadhaa zinajikusanya zenyewe kuwa vipira vidogo vinavyoelea. Alinionyesha. Kweli, vilikuwa vipira. Vitabuni zinaitwa seli shina za neva, lakini yeye alisemaga tu "vipira vyangu", kama mtu anayetaja vifaranga.

"Vinakula?" nikamuuliza.

"Vinakula, dada. Kila baada ya siku mbili nabadilisha maji. Nikivisahau vinakufa. Hivi unavyoviona ni kazi ya karibu mwaka mzima."

"Na vya nini sasa?"

"Tunajifunza. Siku moja, sijui lini, labda itawezekana kumpandikizia mtoto asiye na neva. Hizi za panya ni za kuanzia. Huko mbele zitahitajika za watu."

Alipotamka hilo la watu, mkono wake ulikuwa juu ya tumbo langu. Mtoto akapiga teke, yeye akafurahi. Mimi sikufurahi. Kitu kiliniingia pale na sikukitoa, nikarudi nacho Musoma.

Nilijifungulia Bunda. Mume wangu yuko kazini mgodini, anarudi kila baada ya wiki sita, na kwao ni Nyasura, hukohuko Bunda. Kwenye ukoo wao mjukuu wa kwanza analelewa siku za mwanzo na bibi mzaa baba. Ukitoka hospitali unaingia chumba cha ndani cha mkweo, unakaa humo mpaka kitovu kidondoke na siku kadhaa zaidi. Kazi yako ni kunyonyesha na kunywa uji. Kumwogesha mtoto, kumfunga nepi, kufua nepi, hayo yote ni ya bibi, na huulizi. Ukiuliza nepi imekuwaje ni kama umemwambia mkweo usoni kwamba hajui kulea, na yeye amelea saba.

Kabla hatujaruhusiwa hospitalini, nesi alipita akauliza, "Mtoto ameshapata choo?" Mama mkwe alikuwa ameshabeba beseni, ameshajifunga kanga ya safari. Akajibu, "Ameshapata." Mimi nilikuwa namtazama yule mtoto tangu azaliwe. Hakuwa amepata chochote. Nikajiambia labda alipata nilipokuwa nimelala. Nilitaka sana iwe hivyo.

Siku ya pili nachungulia beseni la nepi, hakuna. Siku ya tatu hakuna, na tumbo limeanza kuwa gumu. Siku ya nne mlango uliachwa wazi kidogo, nikamwona mama mkwe amemlaza mtoto mapajani, mkononi ana kisu kidogo, anachonga kipande cha sabuni ya mche kiwe chembamba. Kinamama wa huku wanajua ni cha nini na kinaingizwa wapi, na wanajua pia manesi wanavyokikataza. Aliniona nikitazama, akausukuma mlango kwa mguu. Baadaye niliona beseni lina nepi zenye doa jeusi la kile choo cha kwanza, nikamshukuru Mungu, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu akaja na dumu la maziwa. Hakukaa hata dakika tano, akamchukua mtoto, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akaniuliza, "Dada, choo chake cha kwanza alipata lini?"

Nikatazama ukutani. "Alipata."

"Siku ileile ya kuzaliwa? Ndani ya siku ya kwanza?"

"Si nimekwambia alipata!"

Akatoa simu, akaandika kitu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alikiweka chini, akamfuata, akamtwaa mtoto mikononi mwake bila kugombana. "Binti," akamwambia, "hapa kwangu hakuna panya." Mdogo wangu akaomba radhi, akanywa chai, akaondoka mapema. Nami, Mungu anisamehe, niliona mama mkwe amenisemea.

Nilirudi Mwisenge mtoto akiwa na miezi miwili. Alikuwa ananyonya vizuri, anacheka, lakini choo kilikuwa taabu. Siku nne, siku tano, tumbo linajaa mpaka linang'aa, kisha kinatoka kidogo na kilio kingi. Mdogo wangu alikujaga kila Jumamosi. Jumamosi ya pili akasema, "Dada, nenda hospitali. Waambie wamwangalie neva za utumbo. Inawezekana hazikufika mwisho."

Ala! Nilisimamisha cherehani. Yaani duniani kuna magonjwa yote haya, kuna malaria, kuna minyoo, kuna chango, na yeye anaona neva za utumbo tu! Mbona asiseme mapafu? Mbona asiseme sikio? Kazini kwake utumbo, simu yake imejaa picha za utumbo, na sasa mwanangu naye eti ugonjwa wake ni uleule. Nikakumbuka ule mkono juu ya tumbo langu. Nikakumbuka zitahitajika za watu. Hesabu ikajifunga yenyewe kichwani.

Kuanzia siku hiyo sikumwacha peke yake na mtoto. Akiomba kumbeba, nambebesha mbele ya macho yangu. Akisema ambadilishe nepi, nasema acha. Siku moja alicheka, lakini macho hayakucheka. "Dada, hata nepi siruhusiwi?"

"Hata nepi," nikamjibu. "Wabadilishe panya wako."

Na nilifanya kitu kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu. Alipokwenda kuoga nilifungua mkoba wake. Nilikuwa natafuta chupa, sindano, sijui hata nilitafuta nini. Nilikuta karanga za kukaanga, leso na karatasi iliyokunjwa. Kwenye karatasi kulikuwa na mchoro wa utumbo wa mtoto, na mshale umechorwa kwa kalamu kuonyesha pale mwisho. Nikaikunja kama ilivyokuwa. Moyo ulikuwa unanidunda utadhani nimemshika mwizi, kumbe mwenye mkono kwenye mkoba wa mwenzake ni mimi.

Alipoondoka jioni ile aliniachia neno moja. "Jumatano kuna daktari anayejua watoto. Muone huyo." Nikasema haya. Kichwani nikasema, aha, kumbe wanajuana.

Jumatano nikaenda. Nilienda kwa sababu tumbo la mwanangu lilikuwa limevimba na mimi si mjinga. Daktari alikuwa mpole, mikono yake ina joto, alimgusa mtoto vizuri. Akauliza ananyonyaje, akauliza anatapika, akaandika. Kisha akaniangalia usoni. "Mama, choo chake cha kwanza alipata lini? Ndani ya siku ya kwanza?"

Maneno yaleyale! Kama yamekatwa kwa mkasi mmoja. Nikaona kila kitu, au nilidhani naona kila kitu. Wamepangana hawa. Ameshampigia simu. Nikisema hakupata, watasema haya, neva hazipo, lazima akatwe, na kipande cha mwanangu kitakwenda Butiama kwenye maji ya pinki. Na nikisema hakupata, itabidi niseme nani alimwambia nesi amepata, na ile sabuni nayo itatajwa, na mama mkwe aliyenipa chumba chake, akanikanda kwa maji ya moto, ataandikwa kwenye karatasi za serikali kama muuaji.

"Alipata," nikasema. "Siku ileile."

"Una uhakika, mama?"

"Ndiyo."

Akaandika Ndiyo. Akasema basi huenda ni tumbo kufunga tu, akatupa dawa ya maji, akasema kama hali haibadiliki turudi. Nilitoka pale kifua mbele. Nilijinunulia soda. Nilijiona mama shujaa aliyemwokoa mtoto wake kutoka kwenye mtego, na nilimpigia mama mkwe nikamwambia nimemsitiri.  "Asante, mwanangu," akasema.

Wiki tatu zikapita. Dawa ilisaidia, haikusaidia, ikasaidia tena. Halafu Alhamisi moja asubuhi mtoto akaamka wa moto, tumbo gumu kama ngoma, anatapika kijani. Baadaye choo kikafunguka kwa kishindo, maji matupu, harufu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Macho yakamlegea. Nilishika simu, na unajua nilimpigia nani? Mume wangu yuko chini ya ardhi mgodini. Mama mkwe yuko Bunda. Vidole vyangu vilimpigia yuleyule niliyemwita mwizi moyoni.

"Dada, usisubiri. Kimbia hospitali sasa hivi. Nakuja."

Nilikuwa nimeshafika wodini, mtoto ameshawekewa dripu, na kabla hawajamaliza kuandika maelezo yeye akaingia, ametoka Butiama kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Hakusema nilikwambia. Mimi ningesema. Haki ya Mungu ningelisema mara kumi. Yeye aliuliza tu, "Ana joto kiasi gani?" na akanikalisha kwenye kiti.

Walitupa rufaa ya Mwanza siku ileile. Tulipofika Bunda gari likasimama dakika mbili, mama mkwe akapanda na thamosi na kanga mbili. Akakaa karibu na mlango, mdogo wangu karibu na dripu, mimi katikati na mtoto kifuani.  Njia nzima nilikuwa namtazama mwanangu anavyopumua, na kila tuta lililotutikisa nilisikia lile neno la bluu kwenye kadi likinigonga mkobani.

Daktari wa Mwanza alikuwa mzee mwenye haraka. Walimwosha mtoto tumbo kwa mpira, wakampa dawa za sindano, homa ikaanza kushuka. Kesho yake asubuhi akaja kitandani na kadi mkononi. "Dalili zake zinanipa shaka ya ugonjwa wa neva za utumbo," akasema, "lakini hapa imeandikwa choo cha kwanza alipata kawaida, siku ya kuzaliwa. Wengi wenye ugonjwa huo huchelewa. Nina watoto wengine wanasubiri kipimo hicho. Huyu tumwangalie kwanza vitu vingine."

Nilihisi mdogo wangu ananitazama. Nikageuka tayari kumfokea. Lakini yeye alikuwa anachukua mkoba wake. "Dada," akasema taratibu, "mimi natoka nje. Kama kuna neno unataka kumwambia daktari na hutaki mimi nisikie, mwambie. Mimi sitauliza." Akatoka, akafunga mlango.

Tukabaki watatu na mtoto. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kistuli, ameinamia thamosi. Sikuweza kumtazama. Nilijua nikifungua mdomo sitarudi tena Nyasura kuwa mkwe mzuri, na nilijua pia nikinyamaza mwanangu atapelekwa kwenye vipimo vya vitu vingine mpaka siku tumbo litakapomshinda. 

"Daktari, hilo si kweli. Nilidanganya mimi. Hakupata siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Alipata siku ya nne, na ni kwa sabuni."

 Nikasubiri mbingu iniangukie.

"Siku ya tano," akasema mama mkwe.

Daktari akamgeukia.

"Ya nne nilijaribu ikakataa," akasema, bado ameinamia thamosi. "Ya tano ndiyo ikatoka. Na nesi nilimdanganya mimi, siyo huyu. Andika hivyo."

Daktari akapiga mstari lile neno la bluu, akaandika. Hakutufokea. Alisema tu, "Mngesema mapema," na maneno hayo mawili bado yananiuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa sokoni. Mama mkwe akamimina uji, akanipa mimi kikombe cha kwanza. Uji ukamwagika kwenye kanga yake, hakuufuta.

Usidhani nilipona shuku siku ile. Thubutu! Waliposema watachukua kinyama kidogo sana cha utumbo, kidogo kama punje ya mchele, wakakitazame kama kina neva, niliuliza kinakwenda wapi. Wakasema maabara. Nikauliza maabara ya wapi. Wakasema ya humuhumu hospitalini. Nikasema nataka kuiona chupa. Nesi alinitazama kama kichaa, lakini alinionyesha, ina namba ya mwanangu, ina kofia nyekundu. Nikamfuata mpaka mlango wa maabara. Na huko nyuma kwenye korido, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbali kabisa, mikono ameiweka juu ya magoti, mahali ambapo ningeweza kumwona muda wote. Alijua ninachowaza. Alikaa pale makusudi ili nimwone, na mimi nilimwona, na bado nilikwenda kuihesabu chupa.

Majibu yalisema neva hazipo. Zilikomea njiani, kama alivyosema. Walimfungulia kwanza njia ya muda ya choo ubavuni, apone, anenepe, ndipo waje wamkate ile sehemu isiyo na neva na kuunganisha ile nzima. Mdogo wangu alikaa nasi Mwanza siku kumi na moja. Alilala sakafuni chini ya kitanda chetu. Alifua, alipanga foleni ya dawa, alijifunza kwa nesi namna ya kusafisha kile kidonda akanifundisha mimi, kwa mdomo tu. Kumgusa mtoto hakuomba. Simu yake ililia mara nyingi siku zile, anatoka nje, anaongea kidogo, anarudi. Nilimuuliza mara moja ni nani. Akasema, "Kazini tu, dada." Nikawaza, haya, wanauliza wamepata nini kutoka kwetu. Ndiyo, hata hapo niliwaza hivyo. Ningeweza kuificha hiyo lakini nimeshachoka kuficha.

Upasuaji wa pili ulifanyika mtoto akikaribia kutimiza mwaka. Ulikwenda salama. Mwezi mmoja baadaye mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni nikaenda Butiama bila kualikwa, nimebeba sato wawili wa kukaanga. Sikujua nitasema nini. Nilifikiri nikifika nitajua.

Alinivisha lile koti jeupe, safari hii likafunga. Panya walikuwepo, weupe vilevile. Chumba cha pili hadubini ilikuwepo. Alifungua lile kabati la joto kuchukua kitu, nikachungulia, nikaona rafu tatu na visahani viwili tu kwenye kona. Mara ya kwanza lilikuwa limejaa.

"Vipira vyako viko wapi?" nikamuuliza.

"Ndio naanza upya, fedha zimepatikana mwezi huu tu. Hivyo viwili ni vya wiki iliyopita."

"Vile vya zamani? Vya mwaka mzima?"

Alifunga kabati taratibu, akahakikisha mlango umeshika. "Vilikufa, dada. Zile siku za Mwanza. Mwenzangu aliyekuwa anibadilishie maji aliugua, wakawa wananipigia nirudi. Ningerudi ningeviwahi."

 Siku kumi na moja chini ya kitanda chetu. Ile simu. Mimi nilikuwa nalinda kinyama cha punje ya mchele asikiibe, na yeye alikuwa anaacha vya kwake vife, kimoja kimoja, amekaa kwenye benchi nimwone.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilinitoka ya ukali, ndiyo sauti niliyo nayo.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ungeniamini?"

 Nililia pale kwenye maabara ya watu, na koti jeupe la watu nikalifanya leso. Nikamwomba msamaha, nikamtajia na mkoba, na karatasi yenye mshale. Akasema ile karatasi alikuwa amemchorea yule daktari wa Jumatano, hakuwahi kumpelekea, hata hawajuani, jina lake alilisikia tu kwa jirani yangu. Kisha akasema nyamaza, utawatisha panya.

Hapo ndipo mgongo wangu ukapata joto, na harufu ikapanda. Mwanangu, aliyewahi kukaa siku tano bila kitu, sasa anakunya mara sita kwa siku, na kila mara mimi bado namshukuru Mungu kwa sauti. Nikafungua kanga, nikamshusha. Nepi ilikuwa imejaa mpaka inavuja. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua moja kunipisha, kama nilivyomzoesha.

Nikamwekea mtoto mikononi, na nepi safi juu yake.

"Amekunya," nikamwambia. "Mbadilishe."

Nikatoka nje, nikafunga mlango.